Kabla Hujauza Gita Yako, Angalia Shingo

Wacha nianze na kitu kinachoniaibisha. Mwaka jana nilinunua gita ya umeme kwa shilingi 4,500 kutoka kwa dogo mmoja wa hapa Nyeri. Sikuinunua nicheze. Nilitaka kitu cha kutundika ukutani nyuma yangu nikirekodi video, kwa sababu ukuta wangu ulikuwa unakaa kama wa seli. Dogo alikuwa anaiuza kwa sababu ilikuwa inalia zzz kila noti, kama mzinga wa nyuki, na kila mtu alikuwa amemwambia shida ni vidole vyake. Kati ya hao kila mtu, mimi nilikuwa mmoja. Nilimwambia, na nakumbuka vizuri sana: "Fanya mazoezi, buda. Vidole bado vimelegea."

Vidole vyake vilikuwa sawa kabisa.

Nilijua hivyo baada ya miezi minne hivi. Usiku mmoja stima zilikuwa zimepotea, simu inakaribia kuzima, sina la kufanya. Nikaitoa gita ukutani. Dogo alikuwa ameishusha sauti nzima moja chini ya kawaida, juu ya yule anayeimba kwaya yao, ambaye sauti yake haipandi. Mimi nikaikaza tu mpaka tyuni ya kawaida, ndiyo nicheze vile nimezoea. Na nyuki wakapungua nusu. Sikuwa nimegusa kitu kingine chochote. Nilikaa hapo gizani nikajiuliza: kama kukaza nyuzi peke yake kumetoa nusu ya nyuki, vidole vya mtu vimeingilia wapi?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Gita inayolia nyuki mara nyingi ni gita ambayo hakuna mtu amewahi kuirekebisha, basi. Kuirekebisha ni kazi ya mchana mmoja na vifaa vya bei ya chakula cha jioni. Na mtu yeyote anayefundisha gita, anayeongoza kwaya ama anayeuza gita, hana ruhusa ya kusema chochote kuhusu vidole vya mtu kabla hajaangalia shingo ya hiyo gita.

Tuanze na kinachoendelea ndani. Seti ya kawaida ya nyuzi za gita ya umeme, ile wachezaji wanaita "nines" kwa sababu uzi mwembamba zaidi una unene wa inchi 0.009, ikiwa kwa tyuni ya kawaida inavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 38. Seti ya "tens", inayoanza na 0.010, inavuta karibu kilo 46. Hiyo ni karibu mfuko mzima wa simiti umening'inia kwa kijiti cha mbao usiku na mchana. Mbao peke yake ingepinda kama upinde. Ndiyo maana ndani ya shingo kuna chuma, wacheza gita wanakiita trasi rodi, kinachovuta upande wa pili. Si teknolojia ya juzi. Mfanyakazi wa Gibson kule Marekani, Thaddeus McHugh, alipata hataza yake mwaka 1923.

Kwa hivyo shingo ya gita ni mashindano ya kuvutana kamba. Nyuzi upande huu, chuma upande ule. Wakilingana, shingo inabaki na mpindo mdogo sana kuelekea upande wa nyuzi, na huo mpindo ndio unaupa uzi nafasi ya kucheza bila kugonga freti. Upande mmoja ukilegea, mwingine unashinda.

Sasa rudi kwa gita ya dogo. Alikuwa na nines. Ukishusha nyuzi nusu sauti, nguvu inapungua kwa asilimia 11 hivi. Ukishusha sauti nzima, inapungua kwa karibu asilimia 20. Kwa hivyo zile kilo 38 zilikuwa zimebaki 30. Hapo vitu viwili vikaharibika pamoja. Cha kwanza, uzi uliolegea unayumba mbali zaidi ukiupiga, kama kamba ya nguo iliyolegea kwa upepo, kwa hivyo unagonga freti. Cha pili, yule chuma wa ndani, ambaye alikuwa amezoea kushindana na kilo 38, sasa anashindana na 30. Akashinda. Shingo ikavutwa nyuma, ikanyooka, ile nafasi ndogo ikaisha. Dogo angefanya mazoezi hadi vidole vitoe damu na nyuki wangebaki palepale.

Na hii si shida yake peke yake. Huku kwetu mlimani watu wengi wanajifunza gita kwa njia mbili, kanisa na mugithi. Mugithi ni treni kwa Kikuyu, lakini nikisema mugithi hapa unajua namaanisha nini: mtu mmoja, gita moja, kipaza sauti kimoja, na watu wameshikana viuno mpaka asubuhi, ile mambo ya kina Mike Rua. Mtu akiimba saa sita mfululizo peke yake, bila bendi ya kumficha, koo linachoka, na kushusha gita kidogo ndiyo njia rahisi ya kujiokoa. Halafu kidole gumba ndicho kinabeba besi yote, kwa hivyo nyuzi nene zinapigwa kwa nguvu. Nyuzi zimelegea, mkono ni mzito. Hapo hata nyuki wa Kieni wote watahamia kwa gita yako.

Jibu la kwanza, na hili linashangaza watu, si kugusa skrubu yoyote. Ni kununua nyuzi zinazofaa. Kama unacheza sauti nzima chini, tens zitavuta karibu kilo 37, yaani karibu sawa kabisa na nines zikiwa kwa tyuni ya kawaida. Kanuni yangu ni rahisi: ukishuka sauti nzima moja, panda namba moja. Nusu sauti, unaweza panda ama ukae, kulingana na vile mkono wako unapenda. Lakini usishuke halafu ubaki na nyuzi nyembamba na ushangae.

Wacongo walijua zamani kwamba kuchagua nyuzi ni sehemu ya kucheza. Kwa bendi zao kulikuwa na gita moja ya katikati, waliyoiita mi-composé, ambayo walitoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaotoa re ya juu, oktavo nzima juu ya ile ya kawaida. Kama wangejaribu kukaza ule uzi mnene wa kawaida mpaka ufike huko juu, ungekatika. Wakabadilisha uzi. Hiyo sauti tamu inayozunguka katikati ya nyimbo za Kikongo ilitoka kwa mtu aliyefikiria kuhusu unene na mvuto wa uzi. Sisi tunazicheza hizo mistari kila harusi, halafu tunanunua nyuzi kwa kuuliza, "Iko gani ya bei ya chini?"

Sawa. Umeweka nyuzi mpya, umetyuni vile unacheza, na bado kuna nyuki. Sasa fuata huu mpangilio, na usiruke, kwa sababu kila hatua inaharibu kipimo cha ile iliyo mbele yake.

Kwanza sikiliza nyuki wako wapi. Chomeka gita kwa ampu. Kama unasikia zzz gita ikiwa kavu lakini kwa ampu haisikiki, huna shida kubwa, endelea na maisha. Kama inasikika, piga kila uzi kwa kila freti. Nyuki wakiwa kwa freti za kwanza mpaka kama ya tano, mshukiwa ni shingo iliyonyooka sana. Wakiwa kuanzia katikati kwenda juu, mshukiwa ni nyuzi zilizo chini sana pale kwa briji. Wakiwa ukipiga uzi mtupu tu, bila kushika freti, mshukiwa ni kile kipande cheupe cha juu ambapo nyuzi zinapita kabla ya freti ya kwanza. Wacha tukiite kizingiti. Na kama ni noti moja tu mahali pamoja, kuna freti imeinuka. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kupelekea fundi. Hizo zingine nyingi ni zako.

Pili, pima shingo. Hauhitaji kifaa cha Nairobi. Finya uzi mnene kwa freti ya kwanza na mkono mmoja, na kwa freti ya pale shingo inapokutana na mwili na mkono mwingine. Sasa huo uzi umekuwa rula. Angalia katikati, freti ya saba ama ya nane. Kati ya uzi na freti panafaa kuwe na nafasi ya karatasi mbili za fotokopi, kwa sababu karatasi moja ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1. Mwambie mtu akushikie taa ya simu. Kama uzi umelala kwa freti na hakuna nafasi, shingo imenyooka kupita kiasi. Kama karatasi tano zinaingia, imepinda kupita kiasi.

Tatu, na hapa ndipo watu wanaogopa, gusa chuma cha ndani. Unahitaji alenki, ile spana ya L ya mafundi wa baiskeli, ya saizi inayoingia kwa tundu la gita yako bila kucheza. Mimi nilinunua seti nzima shilingi 250 kwa hadweya ya kawaida. Ukiangalia tundu uso kwa uso, kuzungusha kinyume cha saa kunalegeza chuma, shingo inapata mpindo, nyuki wanatoka. Kuzungusha kufuata saa kunakaza, shingo inanyooka. Robo ya mzunguko peke yake, ama hata nusu ya hiyo robo. Halafu tyuni tena, pima tena. Ikikataa kuzunguka, wacha. Usilazimishe. Chuma kikikatika ndani ya shingo, hiyo sasa ni hasara ya kweli.

Nne, urefu wa nyuzi. Pale kwa briji kila uzi umekalia kikalio chake, na kwa gita nyingi kila kikalio kina skrubu ndogo za kukiinua na kukishusha. Pima kwa freti ya 12. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hivyo kadi mbili pamoja ni milimita moja na nusu hivi. Chini ya uzi mwembamba kadi mbili ziingie zikigusa kidogo tu. Chini ya uzi mnene ongeza karatasi tano juu ya hizo kadi, upate karibu milimita 2. Kama mkono wako ni mzito wa mugithi, inua zaidi kidogo. Hakuna sheria hapo, ni wewe na mkono wako.

Tano, angalia kizingiti. Finya uzi kwa freti ya tatu, halafu chungulia juu ya freti ya kwanza. Panafaa kuwe na kanafasi kadogo sana. Kama uzi umelala juu ya freti, mfereji wa kizingiti umechimbwa sana, na hicho kinabadilishwa. Ni kipande kidogo tu cha plastiki ama mfupa.

Mwisho, hakikisha gita inasema ukweli kutoka chini mpaka juu. Gusa tu uzi juu ya freti ya 12 bila kuufinya, upate ile sauti ya kengele, halafu ufinye hapohapo. Tyuna ya simu iseme noti ileile. Kama ya kufinya iko juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Kama iko chini, kisogeze mbele. Fanya hii ikiwa ya mwisho, kwa sababu ukibadilisha urefu wa nyuzi tena, hii nayo inabadilika.

Ni hayo. Kwa gita ya dogo nilitumia tens za shilingi 800, robo moja ya mzunguko, na skrubu za vikalio viwili. Dakika arobaini, pamoja na kutafuta miwani.

Najua kuna msee atasema, "Si angenunua tu gita ya maana." Buda, mbao haisomi bei. Gita imetengenezwa kiwanda cha mbali, ikasafiri kwa kontena, ikakaa Mombasa kwa joto na unyevu, ikapanda mpaka huku kwa baridi. Halafu hapa kwetu Januari ni kavu, Aprili ni mvua, Julai unavaa jaketi ndani ya nyumba. Mbao inanywa unyevu na kuutoa. Ndiyo maana wakati wa kiangazi unaweza sikia ncha za freti zinakukwaruza mkono pembeni: mbao imenywea, chuma kimebaki vile kilikuwa. Gita ya laki moja na gita ya elfu nane zote zinafaa kuangaliwa shingo msimu ukibadilika. Na tafadhali usiiegemeze karibu na jiko. Najua ndiyo kona yenye joto nyumbani. Wewe ndiwe unahitaji joto, si gita.

Mwingine atasema nyuki ni ladha, Mwafrika anapenda sauti yenye mikwaruzo. Huyu ana hoja nzuri kuliko yule wa kwanza. Kule Uganda, Mbaganda anayecheza endongo anataka nyuzi zigonge ile ngozi ya kenge ndiyo zitoe mvumo. Wacheza mbira wa Zimbabwe wanafunga vizibo vya chupa kwa chombo makusudi ili vitetemeke. Hiyo ni sauti mtu amechagua, na chombo kimetengenezwa kwa ajili yake. Dogo hakuchagua. Yeye alitaka noti safi, akapata zzz, akaambiwa ni yeye. Ukijua kutoa nyuki na uamue kuwaacha, sina neno.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Huku kwetu tuna mafundi wa kila kitu. Nenda Karatina siku ya soko, utapata mtu anashona kiatu ambacho wewe ungetupa. Tuna maseremala, tuna watu wa elektroniki wanaofungua simu kwa bisibisi ndogo kuliko njiti. Vyuo vya ufundi viko karibu kila mji, kutoka Othaya hadi Nanyuki. Mikono ya hii kazi ipo. Lakini mtu akiwa na gita inayolia vibaya tunamwambia aende Nairobi, na kama hana nauli tunamwambia afanye mazoezi. Ni kijana gani wa useremala ataanza kusawazisha freti hapa mtaani kama sisi wenyewe hatujui kwamba freti zinasawazishwa?

Na kumwambia mtu afanye mazoezi ni rahisi sana, ndiyo maana nilisema. Inakufanya uonekane unajua. Haikugharimu kitu. Na ukikosea, anayelipa ni yule mwingine. Dogo alitolewa kwa gita akapewa kazi ya kubeba spika Jumapili. Baada ya wiki chache akaacha kuenda. Baada ya hapo akauza.

Nilimrudishia mwezi uliopita. Sai anafanya kazi kwa kinyozi hapa tauni. Nilingoja amalize kichwa cha mteja. Akaifuta mikono, akaishika, akaishusha sauti nzima vile alikuwa amezoea, akapiga. Hakukuwa na nyuki. Akapanda freti moja moja mpaka juu, pole pole, kama mtu anayetafuta kosa. Halafu akaniangalia.

"Kwa hivyo brathe, si vidole."

Nikamwambia si vidole. Nikamwambia pole pia, lakini hiyo ilitoka kwa sauti ndogo kuliko ile niliyotumia kumwambia afanye mazoezi. Nilitaka kumwachia gita bure. Akakataa. Tumekubaliana anirudishie zile 4,500 mia tatu kila wiki, na hizo nyuzi nimekula hasara, ni haki yangu. Kama atarudi kanisani kucheza sijui na sijamuuliza. Hiyo ni yake.

Wewe kama uko na gita imekaa nyuma ya mlango kwa sababu ulisikia zzz ukaamini ni wewe, itoe leo. Weka nyuzi mpya, itafute zile karatasi mbili. Na kama uko hapa Nyeri na unaogopa kuzungusha hicho chuma peke yako, niandikie. Jumamosi mchana mimi na dogo tunakaa hapo kinyozi na seti moja ya alenki. Beba nyuzi zako. Na kadi ya benki, kwa sababu yangu imeanza kukwaruzika.